Kwa nini wafanyakazi wa reli za mizigo Marekani walikataa nyongeza ya asilimia 24, na nani aliwazuia kugoma?

Shangazi_wa_Tabora

Ndugu zangu, salaam. Mtoto wa kaka yangu, ambaye huu ni mwaka wake wa sita katika jimbo la Illinois huko Marekani, amepata nafasi ya kufundishwa ukondakta katika kampuni kubwa ya reli ya mizigo, naye ametuomba sisi wazee ushauri kabla hajaacha kazi ya ghalani anayoifanya sasa. Mimi nimezaliwa katika kota za reli hapa Tabora, na marehemu baba yangu alikuwa gadi tangu enzi za reli ya Afrika Mashariki, kwa hiyo moyo wangu ulifurahi kabla akili haijauliza lolote. Nilipoanza kusoma habari za reli za huko, nilikutana na mgogoro wa mwaka 2022, na kuna mambo mawili ambayo nimeyasoma mara tatu bila kuyaelewa.

La kwanza ni kwamba wafanyakazi walipewa nyongeza ya mshahara ya asilimia 24, na bado vyama vinne kati ya kumi na viwili vilipiga kura ya kuikataa. La pili ni kwamba walipojiandaa kugoma, Bunge la Marekani lilipitisha sheria, Rais akatia saini, na mkataba ule ule waliokuwa wameukataa ukawa ndio mkataba wao. Kura ya mfanyakazi ina kazi gani ikiwa jibu lake linaweza kufutwa na watu ambao hawajawahi kufunga hata breki ya behewa moja? Na kwa kuwa kampuni hizo si mali ya serikali, imekuwaje serikali iamue mkataba kati ya mwajiri binafsi na watu wake? Mwenye kuifanya kazi hiyo au mwenye kuijua sheria yake naomba anifafanulie, maana kijana anatakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Kondakta_Nebraska

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, na tangu mwaka 2018 ni kondakta wa treni za mizigo katika jimbo la Nebraska. Kondakta wa huku ndiye gadi wa Mzee wetu, isipokuwa gari la gadi la nyuma halipo tena, kwa hiyo hukaa mbele pamoja na dereva. Kampuni yangu sitaitaja. Nilikuwa mmoja wa waliopiga kura ya kukataa, na ningependa ujue kwamba hatukukataa kwa kiburi wala kwa kutojua kuhesabu.

Niianze na hiyo asilimia 24, kwa sababu ilitangazwa kana kwamba ni zawadi ya siku moja. Ilikuwa ni jumla ya miaka mitano, kuanzia 2020 hadi 2024: asilimia 3, kisha 3.5, kisha 7, kisha 4, kisha 4.5, moja juu ya nyingine. Majadiliano yalikuwa yamevutwa tangu mwanzoni mwa 2020, na mshahara wetu ulikuwa haujasogea tangu katikati ya 2019, ilhali katika mwaka huo wa 2022 bei za vitu hapa Marekani zilikuwa zinapanda kwa kasi ambayo haikuwa imeonekana kwa takriban miaka 40. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ilikuwa ni malimbikizo ya miaka ambayo tulikuwa tumeshaifanyia kazi. Hata hivyo, kama jambo lingekuwa ni fedha peke yake, naamini tungekubali.

Tatizo lilikuwa ni muda. Mimi sina zamu kwa maana unayoijua wewe. Simu hulia saa yoyote, ikiwa ni saa nane ya usiku au saa sita ya mchana siku ya Idi, na nikishapokea ninatakiwa niwe kituoni baada ya kama saa moja na nusu. Sheria inaruhusu nifanye kazi kwa muda usiozidi saa 12 mfululizo, kisha nipewe saa 10 za mapumziko, na mara nyingi mapumziko hayo huyapata katika hoteli ya mji mwingine, maili 200 kutoka nyumbani, nikisubiri treni ya kunirudisha ambayo hakuna anayeweza kuniambia itafika lini. Begi langu hukaa nyuma ya mlango likiwa na nguo, taa, glovu na mkebe wa chakula, na binti yangu mdogo aliwahi kuliita begi hilo kwa jina langu.

Katika maisha ya namna hiyo, kuumwa kunakuwa ni kosa. Wengi wetu hatukuwa na hata siku moja ya likizo ya ugonjwa yenye malipo. Kampuni kadhaa ziliweka utaratibu wa alama za mahudhurio, na ule wa kampuni ya BNSF, ulioanza tarehe 1 Februari 2022, ndio uliojulikana zaidi: kila mtu alianza na alama 30, akawa anakatwa kila asipopatikana, na kukatwa zaidi mwishoni mwa juma na katika sikukuu, na ili arudishiwe alama 4 alipaswa awe tayari kuitwa kwa siku 14 mfululizo. Alama zikiisha, adhabu huanza, na mwisho wa adhabu ni kufukuzwa. Vyama viwili vilivyokuwa na watu wapatao 17,000 vilitaka kugoma kwa ajili ya utaratibu huo, lakini jaji mmoja wa Texas aliwazuia Januari ya mwaka huo huo, kabla haujaanza kutumika.

Nikupe mfano wangu. Mwaka 2021 jino la nyuma lilianza kuniuma, na daktari akasema linahitaji kuzibwa tu. Niliahirisha miadi mara nne katika miezi saba, kila mara kwa sababu simu ililia usiku wa kuamkia siku ya daktari na mkuu wa zamu alikataa kuniondoa kwenye orodha. Safari ya nne nilikuwa nje, kwenye baridi ya kugandisha pumzi, nimebeba kiungio cha behewa chenye uzito wa zaidi ya kilo 35 begani, kwa sababu treni ilikuwa imekatika katikati na mimi ndiye niliyepaswa kutembea hadi kwenye behewa lililokatika, kama maili moja na nusu kwenye kokoto, nikabadilishe chuma hicho. Uso ulikuwa umevimba hadi jicho moja halifunguki vizuri. Jino halikuzibwa tena, liling'olewa.

Sasa sikiliza kilichomo katika mkataba tuliopewa Septemba. Uliturudishia haki ya kwenda kwa daktari bila adhabu na bila malipo, mara tatu kwa mwaka, kwa sharti kwamba miadi iwe ya Jumanne, Jumatano au Alhamisi, na kampuni ijulishwe siku 30 kabla. Kiongozi wa tawi letu alipotusomea kifungu hicho, watu walinyamaza kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nikilipapasa pengo kwa ulimi, nikajua kura yangu itakwenda wapi.

Na usidhani kampuni zilikuwa zinakufa njaa. Miaka hiyo kampuni kubwa za reli zilikuwa zinapata faida kubwa sana na kutumia mabilioni ya dola kununua hisa zao wenyewe. Zilikuwa zimeiga mtindo wa uendeshaji ulioenezwa na marehemu Hunter Harrison, wa kuendesha treni chache zilizo ndefu zaidi, kwa vichwa vya treni vichache na watu wachache. Aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya serikali inayosimamia biashara ya reli, Martin Oberman, alisema hadharani kwamba kampuni hizo zilipunguza wafanyakazi 45,000 katika miaka sita, yaani asilimia 29. Kampuni ikishafikia hapo, likizo ya mtu mmoja ni treni isiyoondoka, na ndiyo maana walikuwa tayari kutoa fedha kuliko kutoa siku.

Wakili_Ilala

Dada yangu, ndugu yetu wa Nebraska ameeleza kiini cha mgogoro kuliko nilivyosoma mahali pengine popote, kwa hiyo mimi nitashika swali lako la pili. Nimefanya kesi za kazi kwa miaka mingi hapa Dar es Salaam na sheria ya reli ya Marekani nimeifuatilia kwa sababu inafundisha mengi.

Reli za huko hazimo katika sheria ya kawaida ya kazi. Zina sheria yake ya mwaka 1926, ambayo iliandaliwa kwa makubaliano ya kampuni na vyama vyenyewe, baada ya nusu karne ya migomo iliyomwaga damu: ule wa 1877 ulioanzia Martinsburg, West Virginia, baada ya kampuni kupunguza mishahara, na ule wa Pullman wa 1894, ambao serikali iliuvunja kwa kutumia jeshi na amri ya mahakama. Nia ya sheria hiyo ilikuwa njema. Iliwataka waajiri watambue vyama na kukaa mezani, na kwa upande wa pili ikaweka ngazi nyingi kabla mtu hajaruhusiwa kugoma. Kwanza pande mbili hujadiliana. Zikishindwa, huenda kwa bodi ya taifa ya usuluhishi, nayo inaweza kuzishikilia kwa muda wowote inaouona unafaa, kwani hakuna ukomo uliowekwa. Bodi ikikata tamaa, huja siku 30 za kutulia. Kisha Rais anaweza kuunda bodi ya dharura itakayotoa mapendekezo. Kisha siku 30 nyingine. Hapo tu ndipo mgomo unapokuwa halali.

Angalia jambo moja ambalo watu wengi hulipita. Katika muda wote huo mkataba wa zamani hauishi. Unaendelea kutumika, na mshahara wa zamani unaendelea kulipwa. Kwa hiyo kampuni haina sababu ya kuharakisha. Kila mwezi wa mazungumzo ni mwezi wa mfanyakazi kuishi kwa bei mpya na mshahara wa zamani, na hata akilipwa malimbikizo baadaye, kodi ya nyumba ya mwaka juzi haisubiri malimbikizo.

Rais Biden aliunda bodi ya dharura Julai 2022, nayo ikatoa ripoti Agosti. Mapatano ya awali yalipatikana alfajiri ya tarehe 15 Septemba, saa chache kabla ya mgomo kuwa halali, baada ya kikao cha saa 20 hivi mbele ya Waziri wa Kazi, Marty Walsh. Vyama vinane viliyakubali mapatano hayo na vinne vikayakataa, vikiwemo chama cha mafundi wa njia na kile cha makondakta. Hivyo vinne kwa pamoja vilikuwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wote wapatao 115,000. Tarehe 30 Novemba Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ya kuulazimisha mkataba kwa kura 290 dhidi ya 137, na siku iliyofuata Seneti ikafanya hivyo kwa kura 80 dhidi ya 15. Kulikuwa na muswada wa pili wa kuwapa siku saba za ugonjwa zenye malipo. Wawakilishi waliupitisha kwa kura 221 dhidi ya 207. Katika Seneti ukapata kura 52 dhidi ya 43, ukaanguka kwa sababu zilihitajika 60. Rais alitia saini tarehe 2 Desemba.

Uwezo wa Bunge kufanya hivyo unatokana na katiba yao, inayolipa mamlaka juu ya biashara kati ya majimbo. Wala haikuwa mara ya kwanza: mgomo wa Aprili 1991 ulizimwa kwa sheria ndani ya siku moja, na ule wa Juni 1992 ndani ya siku mbili. Hoja inayotolewa kila mara ni hasara kwa uchumi. Chama cha kampuni za reli kilikadiria dola bilioni 2 kwa siku. Sidharau hoja hiyo, kwa sababu klorini ya kusafishia maji ya miji mingi hupitia njia hiyo. Lakini kampuni zinaifahamu hoja hiyo kuliko mtu yeyote. Siku chache kabla ya tarehe ile ya Septemba, ni zenyewe zilizoanza kukataa kupokea shehena za hatari, klorini ikiwemo, na shinikizo likaelekea Bungeni kabla mfanyakazi hata mmoja hajaweka chini taa yake. Canada ilikwenda mbali zaidi: usiku wa kuamkia tarehe 22 Agosti 2024, kampuni mbili kubwa za reli za huko, CN na CPKC, ziliwafungia nje wafanyakazi zaidi ya 9,000 kwa wakati mmoja, na kabla juma halijaisha waziri alikuwa ameliagiza baraza la mahusiano ya kazi liwarudishe kazini na kuupeleka mgogoro kwa mwamuzi. Mwajiri aliyefunga geti ndiye aliyepata kile alichokuwa akikiomba.

Kwa kuwa umeuliza ukiwa Tabora, nikukumbushe sheria yetu. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mgogoro wa maslahi huenda kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa siku 30. Usipotatuliwa, wafanyakazi hupiga kura, hutoa notisi ya saa 48, na kugoma. Huduma muhimu zilizotajwa, ambazo kwa kawaida wafanyakazi wake hawaruhusiwi kugoma, ni kama maji, umeme, afya, zimamoto na uongozaji wa ndege, pamoja na usafiri unaohitajika kwa ajili ya huduma hizo. Reli kwa ujumla wake haimo. Na siku za ugonjwa ni 126 katika kila mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Sisemi kwamba kila mwajiri wetu anaitekeleza, ninasema kwamba imeandikwa. Wala historia yetu si safi: sheria ya 1962 iliufanya mgomo halali kuwa mgumu mno, na mwaka 1964 vyama huru vilivunjwa, ikaundwa NUTA peke yake, chama kimoja cha wafanyakazi wa nchi nzima.

Dereva_Mstaafu

Watoto wangu, nimewasoma wote kwa makini. Nimeendesha treni za mizigo kwa miaka 31 na nimegoma mara mbili, kwa hiyo msinichukulie kuwa ni mtu wa mwajiri nikisema kwamba Mwanasheria amelipita haraka mno jambo la watu wanaotegemea reli.

Mgomo wangu wa kwanza ulikuwa wa mishahara ya miezi mitatu. Reli yenyewe na mwaka wenyewe naviacha. Ulipotangazwa nilikuwa stesheni ndogo ya bara, nimevuta mabehewa ya mafuta na unga, na mwishoni kabisa behewa moja la maji, kwa ajili ya stesheni tatu zilizokuwa mbele ambako visima vilikuwa vimekauka. Tulizima kichwa, tukakaa chini ya mwembe. Siku ya pili jioni alikuja mke wa fundi njia, ametembea kwa mguu kutoka stesheni ya pili na ndoo tupu kichwani. Hakutulaumu. Aliitua tu mbele yetu, akakaa. Usiku ule tulifanya kikao wenyewe, bila meneja, tukaamua kichwa kimoja kitavuta behewa la maji peke yake na kurudi kitupu, na dereva na gadi watakaokwenda hawatahesabiwa kuwa wamesaliti. Mimi ndiye niliyekwenda. Mgomo uliendelea siku nyingine tisa, na tukalipwa miezi miwili kati ya mitatu.

Swali langu kwa Mwanasheria ni hili: kwa nini kule Marekani chaguo liwe treni zote zisimame au mtu yeyote asigome? Kwa nini klorini isipite na makontena ya televisheni yakasubiri?

Wakili_Ilala

Mzee, nakubali nililipita haraka, na ninashukuru kwa masahihisho. Mlichokifanya chini ya mwembe ule kina jina katika sheria yetu ya sasa: huduma za kiwango cha chini wakati wa mgomo, ambazo mwajiri na chama wanaruhusiwa kukubaliana katika mkataba wa hali bora. Sheria ya reli ya Marekani haina utaratibu wa namna hiyo kwa treni za mizigo, na naona hapo ndipo kasoro yake kubwa ilipo. Mahali ambapo hakuna njia ya katikati, kila mgomo huonekana kuwa janga la taifa tangu siku ya kwanza, na Bunge hupata sababu ya kuuzima kabla kampuni haijahisi lolote.

Shangazi_wa_Tabora

Nawashukuru sana, na wewe Mzee nakupa shikamoo ya pekee, kwa sababu umenikumbusha sauti ya baba yangu. Ninaona sasa kwamba nilikuwa naitazama asilimia 24 bila kuuliza ni asilimia 24 ya maisha gani. Kondakta, mwanangu, nijibu moja tu: tangu sheria ile, je, hizo siku za ugonjwa zimepatikana, au bado mnaumwa kwa siri?

Kondakta_Nebraska

Zimepatikana kwa sehemu kubwa, Shangazi. Baada ya kelele za 2022 kampuni ziliona aibu, na serikali iliendelea kuzisukuma. Kampuni ya CSX ilianza Februari 2023 kwa makubaliano na vyama viwili, na nyingine zikafuata chama kimoja kimoja. Mfano uliozoeleka ni siku nne za ugonjwa zenye malipo, pamoja na ruhusa ya kutumia siku tatu za mapumziko binafsi kwa ajili hiyo hiyo. Ndizo zile saba zilizoanguka katika Seneti. Mimi ninazo, na mwaka jana nilitumia mbili.

Kwa kijana wetu, simwambii asije. Mshahara ni mzuri, bima ya afya ni nzuri, na pensheni ya reli ina mfuko wake, ulio bora kuliko wa kazi nyingi. Lakini kila kitu hapa hufuata ukongwe kazini. Aliyeingia jana huwekwa kwenye orodha ya akiba, ile inayoitwa wakati wowote kujaza pengo la yeyote, na anaweza kukaa humo miaka kadhaa; likizo ya Desemba huchukuliwa na wenye miaka 20. Aulize kituo atakachopangiwa kina watu wangapi katika orodha ya akiba, na katika miezi sita iliyopita wameitwa mara ngapi kwa wiki. Asimwulize ofisa wa ajira. Aende kituoni, asubiri wanaotoka zamu, awaulize wao. Watamwambia, hata kama wamechoka.

Shangazi_wa_Tabora

Nitampigia leo usiku, kwake itakuwa bado mchana. Mke wake anatarajia kujifungua mwezi wa tatu, na mafunzo yanaanza wa kwanza. Nitamwambia awaulize hao wanaotoka zamu kama kuna aliyezaliwa mtoto wake akiwa hoteli ya mji mwingine.